Nguvu za Juu

Pikapu ilipoanza kukohoa kwenye vilima, Mama Mahema alisema sentensi moja tu, tena akiwa na sindano mdomoni, anashona upindo wa hema lililochanika. Alisema, "Baba watoto, hilo gari liongezewe nguvu kidogo." Kidogo. Hata leo atakuapia kwamba neno "kidogo" lilikuwemo. Lakini mumewe alikuwa na masikio ya ajabu. Yalisikia "liongezewe", yalisikia "nguvu", na yalipofika kwenye "kidogo" yakasinzia.

Mume huyo watu walimwita Injinia. Usije ukadhani alisomea. Zamani aliwahi kufungua redio ya jirani, akaifunga, na redio ikaimba jioni nzima kabla ya kufa moja kwa moja. Mtaa ukampa cheo, naye akakipokea kwa mikono miwili. Tangu siku hiyo neno "sijui" lilihama nyumba ile. Ukimuuliza kwa nini mvua imechelewa, anakujibu. Ukimuuliza kwa nini kuku wa jirani wanakuja kutaga kwake, anakujibu, na ukimwachia nafasi anakuchorea. Mama Mahema alikuwa ameishi na majibu hayo ndoa nzima, na kusema kweli mengi hayakumdhuru mtu.

Ila safari hii palikuwa na jambo zito. Mama Mahema alikuwa anakodisha mahema na viti. Biashara aliianza baada ya kuondoka kwenye duka la vitambaa la wifi yake, dada mkubwa wa Injinia, ambako alikunja vitambaa na kuitwa "msichana wetu" mbele ya wateja, yeye mwanamke mzima mwenye watoto walio bwenini. Siku aliyoaga, wifi alimsindikiza hadi mlangoni kwa upole wote wa duniani. "Nenda salama, wifi yangu," alimwambia. "Kiti chako sitampa mtu." Upole ule ulimchoma kuliko matusi. Na kila walipokutana, baada ya salamu na habari za watoto, wifi hakukosa kuuliza biashara inaendeleaje, halafu anaongeza kwa sauti ya asali, "Kiti chako bado kipo."

Biashara ilikuwa inajikongoja. Halafu, kama bahati, chuo cha wauguzi kule mlimani kikamwita. Matroni wa chuo, mama mmoja mnene mwenye saa iliyoning'inia kifuani, alimpokea bila kumkaribisha kukaa.

"Yule wa mwaka jana alikwama kwenye kona ya mlima," alisema. "Wageni wakasimama juani, mkuu wa chuo akaungua kipara. Nikapewa maelezo mazuri sana. Mimi sitaki maelezo, nataka kivuli. Ukinifikishia kivuli siku ya mahafali kabla ya wageni, shughuli zote za hapa ni zako. Ukikwama, tusijuane."

Kwa hiyo hesabu ilikuwa fupi. Wakifika mlimani, chuo ni chao. Wasipofika, kile kiti dukani kwa wifi bado kilikuwa na joto lake. Ndiyo maana Mama Mahema akasema nguvu ziongezwe. Kidogo.

Kesho yake asubuhi alikuta mlango wa bati wa stoo umejaa chaki kuanzia juu hadi chini. Injinia alikuwa amechora pikapu kwa ubavu, na kutoka kwenye boneti mishale ilitawanyika kila upande. Turbo kubwa, ya kuipulizia injini hewa. Kipoza hewa cha turbo. Filta ya hewa ya mashindano. Bomba la ekzosi pana, "ipumue vizuri". Geji za kung'aa kwenye dashibodi. Na kwenye mkia, kamera.

"Breki?" aliuliza Mama Mahema.

"Breki ziko sawa."

"Springi je? Na huu mlango wangu unaofungwa kwa kamba ya hema?"

Injinia alimtazama kwa huruma, jinsi daktari anavyomtazama mgonjwa aliyejisomea dawa. "Mama watoto, hii ni mipango ya injini. Ukianza kuchanganya milango na injini, hatutafika."

Basi hapo ndipo mwanamke alipotakiwa kugoma. Lakini ukweli ni kwamba alimwona mumewe amesimama pale na vumbi la chaki kwenye nyusi, ana furaha ambayo hakuwa nayo tangu redio ile, akashindwa. Akiba ya hema jipya ikatoka kabatini, ikaingia chini ya boneti.

Gereji waliyokwenda ilikuwa ya kijana mmoja aliyeitwa Profesa. Jina hilo alilipata kwa sababu ya miwani, na kwa sababu hakuna mteja aliyewahi kumwelewa. Gereji nyingine zina mafuta sakafuni na redio ya kelele. Kwa Profesa sakafu ilipigwa deki, spana zimepangwa ukutani kwa urefu kama watoto wa shule kwenye mstari, na yeye mwenyewe anavaa glavu. Kazi ya vyuma walimaliza mafundi wake. Kilipobaki kile alichokiita "kutyuni", yaani kuipangia injini nguvu zake, alivuta kiti, akaweka kompyuta juu ya tairi, akaingiza waya chini ya usukani.

"Kumbe nayo ina kompyuta?" alishangaa Mama Mahema.

"Kila gari la kisasa lina kompyuta," alisema Injinia, mkono wake umeshikilia mlango ili usidondoke.

Profesa akabonyezabonyeza. Kioo kikajaa namba na mistari ya rangi. Halafu bila kugeuka, kwa sauti ileile ambayo mtu wa dukani anakuuliza soda ya baridi au ya moto, akauliza, "Nguvu za juu au za chini?"

Injinia akainua macho darini. Mama Mahema alimjua mume wake, alijua pale darini kuna jibu linatafutwa. Mtu mwingine yeyote angeuliza, "Kwani tofauti yake ni nini?" Ni maneno machache, hayaumi, hayavunji mfupa. Lakini hayo ni ya watu wanaojua kusema "sijui". Na kwa haki, swali lenyewe lilikuwa na mtego. Mtu mwenye akili zake aambiwe achague juu au chini, achague chini? Chini wanalala kuku.

"Sikiliza, kijana," Injinia akasema. "Sisi kazi yetu iko mlimani. Mlima uko juu. Tia za juu."

"Una hakika? Kwa sababu watu wa mizigo mara nyingi..."

"Za juu."

Hapo Mama Mahema naye, aliyekuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akihofia wasije wakapunjwa, akaingilia. "Za juu kabisa," alisema. "Usije ukatutilia za katikati."

Profesa akainua mabega. "Mteja akitaka juu, ni juu."

Walikwenda kuijaribu kwenye barabara ya lami iliyonyooka nje ya mji, pikapu tupu, haina hata kiti kimoja mgongoni. Injinia akakanyaga mafuta. Mwanzoni gari likafikiri kidogo, kama mtu aliyeulizwa deni, halafu kitu kikapiga mbinja ndani ya boneti na pikapu ikaruka. Mama Mahema alibandikwa kwenye kiti, mtandio ukamfunika uso, kamba ya mlango ikakaza. Akapiga ukelele. Halafu, jamani tusimsingizie, akacheka. Alicheka hadi machozi, akapiga dashibodi kwa kiganja akisema, "Tena! Tena!" Ekzosi ilinguruma hadi ng'ombe wa pembeni wakahamisha malisho. Hakuna aliyesema tuipakie mzigo kwanza. Hakuna aliyesema tutafute kilima. Gari la mbio linapimwaje kwa viti vya plastiki?

Furaha ile iliishia uani kwao.

Hapa lazima nikueleze jambo. Tangu siku ya kwanza ya biashara, kila walipofika kwenye shughuli, pikapu iliingia kwa kurudi nyuma, ili mkia ufike pale hema linaposimama. Injinia akiwa kwenye usukani, Mama Mahema husimama nyuma na kumwongoza. "Rudi... rudi... rudi... kata kulia... rudi... kidogo tena... simama!" Na kwenye "simama" anapiga bodi kwa kofi mara mbili. Hawakuwahi kugusa ukuta, wala ua, wala keki ya mtu. Katika kazi yote, hapo ndipo Mama Mahema alipojiona ana mume. Wakati mwingine alikuwa anamwambia simama ikiwa bado kuna nafasi, kusudi tu amwambie rudi tena.

Jioni ile alishuka, akaenda nyuma kama kawaida, akainua mkono. "Rudi..."

Ekzosi ilimeza sauti yake. Injinia akatoa kichwa dirishani, amejaa tabasamu, anaonyesha kidude cha kioo alichokibandika kwenye dashibodi. "Ondoka hapo, mama watoto! Utavuta moshi bure. Kuna kamera sasa. Hakuna haja yako tena!"

Alisema kwa nia njema. Alidhani amemtua mke wake mzigo. Mama Mahema akateremsha mkono, akaingia ndani, akaosha sufuria ambazo zilikuwa safi. Hakuna haja yako tena. Alilisikia neno hilo usiku na mchana. Na Injinia, ambaye ana jibu la kila kitu, hakuona kwamba kuna swali. Jioni zake alikuwa anakaa ndani ya pikapu iliyozimwa, anatazama geji. Mkewe akimwita kula anajibu "nakuja", na haji. Mama Mahema akaacha kumwita. Akawa anafunika chakula, basi.

Asubuhi ya mahafali walipakia kila kitu. Mahema yote, vyuma vyake, viti vimepandana hadi juu ya kichwa cha gari, kamba zimekazwa hadi zinalia. Vijana wa kufunga hema walitangulia, wanawasubiri mlimani. Mama Mahema alivaa gauni lake la heshima, la rangi ya maziwa, kwa sababu alitaka Matroni akimwona aone mwenye kampuni, asione msichana wa mtu.

Njiani alimsalimu mumewe habari za asubuhi, mumewe akamjibu joto la mafuta.

Mlima wa chuo si mrefu, ni mkali. Na aliyechora barabara yake sijui aligombana na nani, kwani pale chini kabisa aliweka kona ya kukunja kiwiko, mpaka gari karibu lisimame kabisa, ndipo mlima unaanza bila kupiga hodi. Kona hiyohiyo ya mwaka jana.

Injinia akaikata kona. Akaingiza gia ya kwanza. Akakanyaga.

Pikapu ikafikiri.

Ikaendelea kufikiri. Ikatetemeka, ikasogea hatua za mtoto, ikazima. Ikaanza kuteleza nyuma, Injinia akavuta hendibreki, nayo ikashika shingo upande. Akawasha tena. Safari hii akapiga mafuta mengi na klachi akaiachia taratibu. Ikanguruma, ikapanda urefu wa meza, halafu harufu ya klachi inayoungua ikajaa ndani na ile mbinja waliyoisubiri haikupigwa. Ikazima.

"Inapasha moto," alisema Injinia.

"Inapasha," alisema Mama Mahema. "Na mimi napasha."

Akajaribu tena. Moshi mweusi ukafuka nyuma. Kule juu, kupitia miti, walionekana wanachuo wamevaa sare nyeupe wanasogea ukingoni kutazama. Mwaka jana burudani ilikuwa nzuri, inaelekea walitarajia mwaka huu isipungue.

Mama Mahema akachukua simu, akampigia Profesa, akaiweka sauti ya juu na kuishikilia katikati yao wawili.

"Gari lako haliwezi kuondoka kwenye mlima," alisema.

"Lina mzigo?"

"Lina mzigo! Ulitaka libebe nini, salamu?"

"Basi haliwezi," alisema Profesa, ametulia kama maji ya mtungi. "Mmetia nguvu za juu. Za juu maana yake injini ikizunguka sana. Ikiwa inazunguka kidogo, turbo ile kubwa imelala, huna kitu. Kuanza na mzigo, kupanda polepole, hizo ndizo za chini. Na niliwauliza."

Simu ikakatika. Ndani ya pikapu ilisikika hendibreki tu, inalalamika.

Mama Mahema alifungua mdomo. Alikuwa na hotuba, jamani. Alikuwa ameiandaa tangu siku ya kamera, imepangika, ina vituo, ina mahali pa kulia. Ingemfagia mume huyu na chaki yake hadi bondeni. Lakini neno la kwanza kumjia mdomoni halikuwa kwenye hotuba. Lilikuwa "kabisa". Alijiona vizuri, amekaa kwenye ile ndoo, anasema, "Za juu kabisa, usije ukatutilia za katikati." Hotuba ikamkwama kooni.

"Sasa tunafanyaje?" akauliza.

Injinia alishika usukani kwa mikono miwili. Jasho lilimtoka kwenye nyusi. Akatazama juu, kwenye paa la gari, pale majibu yanapokaa. Akatazama muda mrefu.

"Sijui," alisema.

Mama Mahema alikuwa ameomba neno hilo tangu harusi. Alikuwa amejiahidi kwamba siku litakapotoka atapiga vigelegele. Sasa limetoka, na halikumpa raha hata chembe. Mumewe alionekana mdogo, amekaa katikati ya geji zake zinazong'aa. Roho ikamuuma.

"Sijui, mama watoto," akarudia, na sauti ikamtetemeka. "Hata pale sikujua. Kijana aliniuliza, nikaona aibu. Nimekuharibia. Nakuona unarudi dukani kwa dada, na ni mimi nimekurudisha."

"Mimi nilisema kabisa," alisema Mama Mahema.

"Nini?"

"Wewe ulisema za juu. Mimi nikasema kabisa. Tumeharibu wote. Sasa acha kulia, tufikiri. Wageni wako njiani."

Labda ni kwa sababu ya kulisema neno lile na kutoanguka akafa. Injinia akapangusa uso kwa mkono wa shati, akatazama chini, kwenye gia, si kwenye paa. Akaanza kuzungumza polepole, kama mtu anayepapasa ukuta gizani.

"Kuna rivasi," alisema. "Hili gari, rivasi yake ni fupi kuliko gia ya kwanza. Gari linakwenda polepole lakini injini inazunguka sana. Ikizunguka sana, turbo inaamka. Nadhani. Sina hakika. Lakini itabidi tugeuze, tupande kinyumenyume. Mlima mzima. Mbele ya chuo chote."

"Wamekuja kukalia viti au kutazama uso wa gari?"

"Na kamera haioni. Moshi umeifunika, tazama." Kidude kwenye dashibodi kilikuwa kinaonyesha weusi mtupu. "Barabara ni nyembamba, upande ule ni korongo. Kioo cha pembeni kimezibwa na viti. Sioni nyuma, mama watoto. Na kwa ekzosi hii hata ukipiga kelele sitakusikia."

Mama Mahema alikuwa ameshaanza kufungua kamba ya mlango.

"Basi utanitazama," alisema.

Waliliachia gari likarudi hadi kwenye tambarare, wakaligeuza, mkia ukaelekea mlimani. Mama Mahema akapanda barabara kwa miguu, akavua viatu, akasimama katikati na gauni lake la maziwa. Injinia akafungua mlango wake, akautoa mwili nje hadi kiunoni, mkono mmoja kwenye usukani, shingo ameipinda hadi mishipa imemtoka, anamtafuta mkewe pembeni ya mlima wa viti. Alipompata hakumwachia. Geji zote zile zilikuwa nyuma ya kisogo chake, zinamulika peke yake.

Mkewe akainua mikono yote miwili. "Rudi," alisema.

Injinia akakanyaga. Pikapu ikanguruma, ikapiga kelele kama kiwanda kinachobomoka, moshi ukatoka ukamjaa Mama Mahema usoni. Ikasogea. Ikasita. Moyo wa Mama Mahema ukasimama nayo. Halafu ndani ya boneti ile mbinja ikapigwa, na mzigo wote, mahema na vyuma na viti, ukaanza kupanda mlima kwa matako.

"Rudi!" alipiga kelele, akarudi kinyumenyume naye, miguu mitupu kwenye kokoto. "Rudi, rudi! Kata kulia! Kulia, mume wangu, huko ni korongoni! Haya! Rudi!"

Mumewe hakusikia hata silabi moja, hilo Mama Mahema alilijua. Alikuwa anasoma mikono yake, na mdomo wake, na macho yake. Mama Mahema hakukumbuka mara ya mwisho kutazamwa namna hiyo, muda mrefu hivyo, na mtu anayehitaji kila anachosema. Moshi ulimtoa machozi. Sehemu ya machozi ilikuwa ya moshi.

Wanachuo walikuwa wamejipanga kando ya barabara. Kwanza walivunjika mbavu kwa kucheka, na ni haki yao. Gari linalonguruma kama la mashindano, linapanda mwendo wa jongoo, mgongo mbele, dereva ananing'inia mlangoni, na mama mmoja mweusi kwa masizi anapunga mikono kama anaita ndege ya abiria. Halafu mmoja akaanza kusema naye, "Rudi!" Wa pili akaitikia. Karibu na lango, mlima wote ulikuwa unaitikia, "Rudi! Rudi! Rudi!" hadi Injinia akasikia hata juu ya ekzosi.

Matroni alisimama getini, ameishika saa yake kifuani. Hakucheka. Akautazama mkia wa pikapu ukivuka lango, akaitazama saa, akalitazama gauni lililokuwa la maziwa.

"Mbona mnakuja mgongo mbele?" aliuliza.

Mama Mahema akajiandaa. Alijua sasa kitafuata nini. Ingefuata turbo, ingefuata mizunguko ya injini, Matroni angeombwa chaki. Lakini Injinia alikuwa anamtazama yeye bado, shingo imegoma kunyooka.

"Tulikosea, mama," alimjibu Matroni. "Tulichagua bila kujua."

Matroni akaguna. "Mwaka jana nilipewa maelezo marefu kuliko hayo na sikupewa kivuli." Akawageukia vijana wa kufunga hema. "Mnasubiri nini? Shusheni. Na wewe mama, bomba la maji liko kule nyuma ya jiko. Ukishanawa uje ofisini, nikupe tarehe za shughuli nyingine."

Mama Mahema alitaka kusema asante, sauti haikutoka, ilikuwa imekwisha yote mlimani. Akaitikia kwa kichwa tu. Akageuka ili asionekane analia, na huko alikogeukia ndiko alikokuwa mumewe, ameshuka, anajikanda shingo.

"Jumatatu nakwenda kwa Profesa," alisema Injinia kwa sauti ndogo. "Namwambia aweke za chini."

Mama Mahema akakohoa, akatafuta sauti iliyobaki. "Kabisa," akasema, kwa mkwaruzo.

Injinia akacheka. Halafu akanyoosha mkono kwenye mkia wa gari, akaishika ile kamera iliyojaa masizi, akaing'oa na gundi yake, akaitia mfukoni. Hakutoa maelezo yoyote. Pikapu ilikuwa haijafika sawasawa kwenye kiwanja, ilibaki kama urefu wa mwili wa mtu. Akaingia ndani, akawasha, akafungua mlango, akaipinda tena ile shingo yake mbovu, akangoja.

Mama Mahema akaenda nyuma ya gari, akainua mkono mweusi.

Nafasi ilikuwa ndogo sana, kusema haki. Lakini alimsimamisha mara tatu njiani.